Shangazi Anatolewa Jumamosi

Kwanza ieleweke kwamba Shangazi hakuwa mtu wa kusikiliza mazungumzo ya watu. Mazungumzo ya watu ndiyo yaliyokuwa na tabia mbaya ya kumfuata. Yalipita kwenye kidirisha kilichokuwa ukutani mwa chumba chake cha pasi, yakaingia bila hodi, na yeye, kwa kuwa alilelewa vizuri, hakuyafukuza.

Kidirisha chenyewe hakikuwekwa pale kwa ajili ya umbeya. Duka lilikuwa la udobi, la vyumba viwili vilivyopeana mgongo. Upande mmoja uliitwa chafu: mashine za kufulia, mabeseni ya kulowekea, matenga ya mashuka kutoka hotelini, na sakafu ambayo haikuwahi kukauka. Upande wa pili uliitwa safi: meza ya pasi, rafu, vitundikio, na Shangazi. Marehemu kaka yake, aliyelianzisha duka, aliacha sheria moja iliyoheshimiwa kuliko wosia wake: anayepiga pasi hakanyagi upande wa chafu, asije akarudi na doa la mtu mmoja kwenye shati la mtu mwingine. Nguo zilipokauka zilipitishwa kidirishani, na Shangazi akazipokea kama rais anayepokea hati za mabalozi. Tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi bila msaada wa dawa, hakuwahi kuvuka. Yaliyotendeka kule aliyajua kwa sikio tu, na balaa lote la wiki ile lilitokea hapo.

Kila mtu alimwita Shangazi. Aliyekuwa na haki kamili ya kumwita hivyo alikuwa mmoja, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye sasa ndiye mwenye duka na wafanyakazi humwita Bosi. Shangazi naye alimwita Bosi, mbele ya wateja. Wateja wakitoka alimwita "we mtoto", kwa sababu ndiye aliyemfundisha kufunga vifungo vya shati, na mtu uliyemfundisha vifungo ni vigumu kumwogopa.

Wengine waliliazima jina hilo. Alikuwapo Mrefu, mfuaji, aliyeinama kila mlangoni hata pale ambapo mlango ulimzidi urefu. Alikuwapo Mama Vifungo, mshonaji wa viraka na vifungo, aliyeongea na sindano mdomoni. Na alikuwapo Dereva, aliyekwenda kuchukua mashuka hotelini akarudi nayo pamoja na habari zisizo na uhakika.

Jumanne hiyo Shangazi alikuwa anahangaika na shati jeupe la hakimu mmoja, mteja wa siku nyingi. Pasi ilikuwa inatoa mvuke wake, fsss, na kati ya fsss moja na nyingine maneno yakaanza kupenya.

"Shangazi kachoka," ilisema sauti ya Mrefu. "Nimemwambia Bosi mara ngapi? Kachoka, basi."

"Jana si ulimsikia?" Huyo alikuwa Dereva. "Kanguruma, katetemeka, mimi nikajua ndo anakata roho."

"Mwacheni jamani," Mama Vifungo akasema, na kwa jinsi maneno yalivyopitia pembeni ilijulikana kwamba sindano ipo mahali pake. "Kafanya kazi tangu enzi za marehemu."

"Sasa tufanyeje, tumpigie magoti? Bosi kashasema. Jumamosi anatolewa. Tukishafunga, wateja wasione."

"Na mlangoni atapita?" Dereva akauliza. "Na unene ule?"

"Atapita ubavu. Mimi nashika juu, we shika miguu."

Fsss. Shangazi alipokumbuka kuinua mkono, begani mwa hakimu palikuwa na picha kamili ya pasi, rangi ya kahawia, ncha yake ikielekea shingoni. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuunguza hata kitambaa cha pua.

Sasa, mtu mwenye akili timamu akisikia maneno kama hayo hufanya jambo moja jepesi. Huchungulia kidirishani na kuuliza, "Nani anatolewa?" Swali la maneno mawili. Kasoro ya swali hilo ni kwamba linaweza kujibiwa, na Shangazi aliliogopa jibu. Chumba alicholala kilikuwa mahali pa kungojea asubuhi tu. Nyumbani kwake palikuwa kwenye meza ile. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto wa kumzaa. Alikuwa na meza, na duka la kaka yake, na "we mtoto". Akitolewa hapo, atatolewa apelekwe wapi?

Kwa hiyo hakuuliza. Alifanya kile ambacho binadamu wengi hufanya wanapoogopa jibu: alinyamaza, akaanza kukusanya ushahidi.

Na ushahidi una vituko vyake. Ukiutafuta bila kujua unafananaje, hauonekani. Ukishaamua unafananaje, unajaa mpaka kwenye kikombe. Jumatano asubuhi Mama Vifungo alimpitishia chai kidirishani. Chai hiyo ilipita pale kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi. Tofauti ni kwamba leo Shangazi aliitazama. Mbona imejaa hadi ukingoni? Mtu hujaziwa kikombe lini? Anapoagwa. Akaimwaga kwenye kopo la ua lililokuwa dirishani, akasimama kuona kama ua litanyauka. Halikunyauka. Sumu ya polepole, basi.

"Shangazi, shikamoo," Mrefu akaingiza kichwa kidirishani.

"Marahaba," akajibu, kisha akabaki anaipima ile shikamoo kama mtu anayepima kitambaa. Ilikuwa ndefu. Jana ilikuwa fupi. Anayekurefushia shikamoo ana jambo anakuficha. Anayekufupishia ameshakuhesabu kuwa hupo. Kwa kipimo hicho hakuna shikamoo duniani ambayo ingepona, lakini Shangazi hakuona ila yoyote katika kipimo chenyewe.

Mchana, kupitia dirisha la uani, alimwona Bosi amesimama kwenye mlango wa nyuma na tepu ya kupimia. Alipima upana, akatikisa kichwa, akapima tena. Kisha akaja chumba cha pasi.

"Shangazi, habari za kazi?"

"Njema." Na macho ya Bosi, Shangazi angeapa mbele ya hakimu yeyote, hata yule wa shati, yalishuka mpaka kwenye nyonga zake, yakapanda tena. "Unapima nini, we mtoto?"

"Mlango tu."

"Mlango umefanya nini?"

"Haujafanya kitu, Shangazi. Napima tu."

Akaenda zake. Shangazi akabaki na zile "tu" mbili mkononi. Mtu asiye na la kuficha hana haja na hata moja.

Alhamisi likaja jambo la kiti. Bosi alikibeba mwenyewe, kiti kizuri chenye mto, akakiweka kando ya meza ya pasi.

"Kaa, Shangazi. Unasimama mno. Fikiria miguu yako."

"Miguu yangu imefanya nini?"

"Aa, basi tu. Naihurumia."

Miguu! Kati ya viungo vyote alivyopewa binadamu, wiki hiyo kila mtu alikuwa na neno kuhusu miguu. Bosi alipotoka, Shangazi alikisukuma kiti hadi pembeni, akakirundikia foronya, akaendelea kusimama wima kuliko askari wa lindo.

Angekuwa mtu wa upande wa chafu, labda angejua wanachojua wafuaji: doa ukilisugua kwa hasira, linatanuka. Lakini Shangazi hakuwa mtu wa madoa. Alikuwa mtu wa mikunjo, na mkunjo dawa yake ni kuukandamiza mpaka ulale. Alasiri ile akaamua kuukandamiza mkunjo huu. Akaunda mtego ambao hata bweni zima la wavulana lingeuvulia kofia.

Mtego ulikuwa hivi. Kila mmoja wa wale watatu angepewa siri yake, ya uongo, peke yake. Siri itakayofika masikioni mwa Bosi ndiyo itakayomtaja msaliti.

Mrefu alipoleta mashati kidirishani, Shangazi akamvuta kwa ukosi.

"Nina neno, lisitoke. Sikio langu la kushoto limekufa. Hata ungepiga tarumbeta hapa, sisikii."

"Pole, Shangazi!"

"Punguza sauti. Nimesema la kushoto, la kulia lipo."

Dereva, Shangazi alimkuta uani, anafuta kioo cha gari.

"Wewe hutembea, umesikia habari ya dobi mpya? Hapo ng'ambo ya barabara. Bwana mmoja anafungua duka. Mashine mpya tupu. Lakini sijakwambia."

"Hujaniambia," Dereva akakubali, na macho yakawa yanang'aa kama kioo chake.

Ilibaki siri ya Mama Vifungo, na hapa Shangazi akaona kwamba hakuandaa ya tatu. Akatoa ya kwanza iliyomjia.

"Nimechumbiwa."

Mama Vifungo alikaribia kuimeza sindano. "We! Na nani?"

"Na mtu."

"Mtu gani, Shangazi?"

"Mtu mzima. Usiniulize mengi, na mtu asijue."

Usiku huo alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Kuna raha fulani katika kumtegea mtu. Hata woga hupungua, maana sasa na wewe una siri.

Ijumaa asubuhi Bosi aliingia chumba cha pasi, akaufunga mlango nyuma yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Shangazi akaishika pasi vizuri.

"Shangazi," Bosi akasema, na uso wake ukawa kama wa mtoto aliyeahidiwa baiskeli. "Hongera."

"Ya nini?"

"Ya huyo bwana. Nimefurahi, sikufichi, maana nimekuwa nikifikiria upweke wako. Ila nina maswali mawili, usinichukie. Ni kiziwi kabisa, au sikio moja? Na hilo duka lake la udobi hapo ng'ambo, tukae chini tuzungumze kama ndugu, au anataka kutuua?"

Shangazi aliiweka pasi chini. Siri zake tatu zilitoka kwa milango mitatu, zikakutana njiani, zikarudi nyumbani zikiwa mwanamume mmoja.

"Sikio moja," akasema mwishowe. "La kushoto."

"Basi nitakaa kulia kwake," Bosi akasema kwa unyenyekevu, akatoka.

Mtu mwingine angecheka hapo. Angesema: wafanyakazi wa duka hili ni wambeya wa kawaida, hawana njama, wana midomo tu. Shaka haihesabu hivyo. Mtego ungemnasa mmoja, Shangazi angesema nimempata. Usingemnasa hata mmoja, angesema wamejificha vizuri. Umewanasa wote, kwa hiyo wote wamo. Hakukuwa na namna ambayo mtego ule ungeweza kumwambia kwamba hakuna kitu, na kwa sababu hiyo aliuamini sana.

Jambo la kusikitisha zaidi, na hapa inafaa kusimama kimya kidogo kama kwenye bendera, ni kwamba kabla ya mtego hakuna aliyekuwa anamnong'ona Shangazi. Baada ya mtego, walimnong'ona kweli. Siku nzima ya Ijumaa kidirisha kilileta vipande: "... kiziwi jamani, sasa wataongeaje ..." na "... tumshonee kitu, lakini asijue ..." na "... shhh, yupo hapo." Akipita uani, Dereva aliacha kucheka. Mrefu alianza kuja upande wake wa kulia na kumsemesha polepole, akiyakunjua maneno moja moja kama mtu anayetandika kitanda. Sasa ushahidi ulikuwa wa kweli. Alikuwa ameutengeneza mwenyewe kwa mikono yake, lakini nani hukumbuka mambo kama hayo katikati ya shughuli?

Jumamosi duka hufungwa mchana. Shangazi alizima pasi, akakunja aproni, akachukua mkoba, akaaga kila mtu kwa sauti ya mtu anayetaka ikumbukwe kwamba ameondoka.

"Unawahi kwa bwana?" Mama Vifungo akatania.

"Nawahi ninakowahi."

Akatembea hadi kona, akazunguka jengo zima, akarudi kwa mlango wa nyuma wakati wale wengine wako mbele wanateremsha mabati ya duka. Mpango wake ulikuwa rahisi na wa heshima. Atajificha kule watakakokutana, atasikia neno zima badala ya vipande, halafu atasimama na kuwaambia usoni kwamba yeye hatolewi. Yeye, akitaka, anatoka.

Alipofika kwenye kizingiti cha upande wa chafu, miguu iligoma. Alisimama kidogo pale. "Nisamehe, kaka," akanong'ona. "Ni dharura." Akavuka.

Palikuwa padogo kuliko alivyopasikia. Mashine mbili nyeupe, ya tatu kuukuu imeelekezwa ukutani, mabeseni, unyevu. Na matenga ya hotelini, makubwa, yenye magurudumu. Akapanda kwenye lile la mwisho, kwa shida ambayo haina haja ya kuandikwa, akajifunika mashuka hadi utosini. Yalikuwa na harufu ya usingizi wa watu asiowajua. Mtu aliyekaa maisha yake yote upande wa safi alikuwa sasa amelala ndani ya uchafu wa hoteli nzima, anabana pumzi, na bado aliona kwamba wenye hila ni wale wengine.

Wakaja. Alizitambua hatua za wote wanne.

"Kamba ipo?" sauti ya Mrefu.

"Ipo. Na gari nimelirudisha nyuma mpaka mlangoni," sauti ya Dereva. "Tumtoe upesi, mimi nina safari."

"Subirini," akasema Bosi. "Kabla hatujamtoa, nina neno la kusema."

"Bosi, na mgongo wangu huu?"

"Neno dogo, Mrefu. Nisiposema leo sitasema tena." Akakohoa kidogo. "Shangazi."

Ndani ya tenga, Shangazi alikaribia kuitika "abee".

"Shangazi, umetufanyia kazi tangu mimi sijafika urefu wa meza. Ukianza asubuhi, ni wewe mpaka jioni. Ni kweli una kelele." Mtu alicheka, akanyamazishwa. "Ni kweli ukikatizwa unanguruma, unatetemeka, unatema maji."

Shangazi alijaribu kukumbuka ni lini aliwahi kutema maji mbele za watu.

"Lakini hukuwahi kutuangusha. Siku uliyoletwa hapa, baba alikuandika jina mwenyewe, kwa brashi, mimi nimeshika kopo la rangi. Nikamuuliza, mbona unaiita jina la Shangazi? Akasema sheria yangu mwenyewe imemzuia dada yangu asikanyage huku, na mimi huku peke yangu siwezi. Kwa hiyo kila upande wa ukuta utakuwa na Shangazi wake."

Kidole chake kimoja kiliinua pindo la shuka. Kupitia upenyo ule Shangazi aliwaona. Hawakumzunguka mtu yeyote. Walikuwa wameigeuza ile mashine kuukuu, na Bosi ameweka mkono juu ya mfuniko wake kama unavyoweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Ubavuni, kwa rangi iliyofifia na mwandiko alioujua kuliko wake, palikuwa pameandikwa SHANGAZI.

Mambo mengi yalimpitia kwa pamoja, na hayakupanga foleni. Kwamba unene ule haukuwa wake. Kwamba miguu ile ilikuwa ya chuma. Kwamba marehemu alimhitaji kiasi hicho na hakuwahi kumwambia, mjinga yule, alikwenda akaiambia mashine. Machozi yalikuja, akayafuta kwa shuka, kisha akakumbuka ni shuka la nini, akajuta. Akaamua kutulia kimya hadi waondoke, akaoge, na Jumatatu aje kazini kama mtu ambaye hakuwa na wiki kama ile.

"Tumfunike basi asikwaruzike njiani," Mama Vifungo akasema. "Lete shuka moja hapo kwenye tenga."

Dereva akaja. Akashika shuka la juu, akavuta. Shangazi naye akalishika kwa ndani, akavuta.

"We," Dereva akasema polepole. "Shuka limenivuta."

"Limekwama, vuta!"

"Nawaambia linanivuta! Lina mikono!"

Akavuta kwa nguvu zote, na shuka likaja na kila kilichokuwa chini yake. Kitu cheupe, kirefu, kisicho na uso, kilisimama ndani ya tenga na kusema "Haya, haya, taratibu!" Mrefu aliyeinama kila mlangoni alisahau kuinama mara hiyo, na kizingiti cha juu kikamkumbusha. Dereva alijikuta ndani ya beseni. Mama Vifungo alitema sindano, ambayo haijaonekana hadi leo. Tenga lenyewe, likiwa na magurudumu, likaanza kusafiri na abiria wake hadi lilipoigonga mashine kuukuu, na Shangazi na Shangazi wakasimama ana kwa ana kwa mara ya kwanza.

Bosi ndiye aliyelitoa lile shuka.

"Shangazi! Unafanya nini humo?"

Mtu mdogo angebabaika. Shangazi alijinyoosha, akatoa soksi ya mtu begani mwake, akasema kwa utulivu mkubwa:

"Natafuta kifungo."

"Cha nani?" Mama Vifungo akauliza.

"Cha hakimu."

Walitazamana. Hakuna aliyemwamini, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kusema. Shangazi akaishika mashine ukingoni, kwenye lile jina. Wiki nzima alikuwa amelikwepa swali la maneno mawili. Sasa, kwa kuwa alishajua jibu lake ni zuri, alilitoa bila woga.

"Na mimi?"

"Na wewe nini, Shangazi?"

"Jumatatu. Meza yangu ni ile ile?"

Bosi akasugua kisogo. Alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni, alipokuwa amevunja kitu.

"Jumatatu? Si nilijua unajiandaa na harusi? Nikasema usipate taabu ya kuniomba ruhusa. Nimeshamwambia shemeji yangu aje akushikie pasi. Anaanza Jumatatu. Na bwana mwenyewe ana duka, nikajua ndo utahamia huko. Nilikuwa naona uchungu, lakini ningekuzuiaje?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Jumanne hakuna aliyekuwa na nia ya kumtoa. Leo ametolewa, kwa upendo, kwa hongera, na aliyemtoa alikuwa yeye mwenyewe kwa ulimi wake.

Njia ya kurudi ilikuwepo, nyoofu kabisa. Aseme: hakuna bwana. Niliwatilia shaka, nikawategea, nikalala kwenye tenga ili niwasikilize. Aseme hivyo mbele ya Mrefu aliyevimba paji la uso na Dereva anayechuruzika maji ya sabuni, na mbele ya mtoto aliyemfundisha vifungo. Shangazi aliitazama njia ile kwa makini. Akaona ina matope.

"Nimemwacha," akasema.

"Nani?"

"Huyo bwana."

"Lini?"

"Sasa hivi. Mlinikuta humo namwazia."

"Maskini!" Mama Vifungo akashika kifua. "Kakufanya nini?"

Shangazi akashuka kutoka kwenye tenga, mguu mmoja kisha wa pili, akijishikiza kwenye mkono wa Bosi.

"Mtu wa kushukushuku," akasema kwa huzuni. "Anasikia hiki, anadhani kile. Siwezi kuishi na mtu wa namna hiyo."

Wote walitikisa vichwa kwa masikitiko. Kwa kweli, walisema, ni tabia mbaya sana. Bosi akasema shemeji atakaa mapokezi, alikuwa na sura ya mapokezi toka zamani. Kisha wakafunga kamba, wakaifunika mashine kwa shuka safi ambalo Shangazi alikwenda kulichagua mwenyewe, na akakaa mlangoni kuwaelekeza: ubavu, ubavu kwanza, mwangalieni miguu.

Jumatatu mashine mpya ikafungwa mahali pa ile kuukuu. Ilikuwa ya kisasa, na sifa yake kubwa ni kwamba haikupiga kelele hata kidogo. Shangazi alikuwa mezani kwake, anamalizia shati jipya ambalo ilibidi duka limnunulie hakimu, akiwa na amani ambayo hakuwa nayo siku nyingi. Aliinywa chai yake yote. Aliipokea shikamoo ya Mrefu bila kuipima, au aliipima kidogo tu. Fsss, ikafanya pasi, na kati ya fsss moja na nyingine maneno yakapenya.

"Mchumba kaingia kazini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Dereva.

"Kaingia," Mrefu akajibu. "Husikii?"

"Mimi sisikii kitu."

"Ndivyo alivyo. Kimya. Kama hayupo vile."

"Hata hakuwahi kuwepo," Mama Vifungo akasema na sindano mpya mdomoni, na wote watatu wakaangua kicheko, kisha mtu akasema "shhh".

Shangazi aliishikilia pasi hewani. Mchumba. Mashine, bila shaka. Wameipa jina, kama desturi ya humu. Bila shaka ni mashine. Lakini kwa nini jina hilo? Na kwa nini "shhh"?

Alitua pasi mahali pake, mbali na shati la hakimu. Akakiendea kile kiti cha pembeni, akaziondoa foronya, akakibeba bila kukiburuza, akakiweka chini ya kidirisha. Kisha akakaa. Kilikuwa kiti kizuri kweli, na mto wake ulikuwa laini. Aligeuza kichwa kidogo, sikio la kushoto, lile alilosema limekufa, likielekea ukutani.